Upepo Unaoinyima Turkana Mvua

Maeneo mengi ya ikweta ni ya mvua. Jua hupasha hewa moto, hewa hupanda, hupoa, na mvuke wake hugeuka mawingu. Kisangani, katikati ya Kongo na mbali na bahari yoyote, hupata zaidi ya milimita 1,500 za mvua kwa mwaka. Lodwar, mji wa Turkana kaskazini magharibi mwa Kenya, iko nyuzi tatu tu kutoka ikweta na iko karibu zaidi na bahari, lakini huambulia takriban milimita 200.

Mvuke upo. Tatizo ni kwamba unapita tu.

Mwaka 1982 watafiti J. H. Kinuthia na G. C. Asnani walieleza kuwepo kwa mkondo wa upepo mkali katika bonde lililo kati ya nyanda za juu za Ethiopia na zile za Kenya. Hewa yenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi huingia bondeni kutoka kusini mashariki na, kama maji yanayobanwa mferejini, huongeza kasi. Mkondo huu huvuma mita mia kadhaa tu juu ya ardhi, na hupata nguvu zaidi usiku hadi alfajiri. Hubeba unyevu kuelekea Sudan Kusini, huku hewa iliyo juu yake ikididimia na kuzuia mawingu yasikue. Siku unapovuma kwa nguvu, bonde hukauka zaidi.

Karibu na mji wa Loiyangalani, katika bonde hilo, upepo huohuo umegeuzwa mali: mitambo 365 inaweza kuzalisha megawati 310 za umeme.

Kwa wanasayansi, bado ni mtihani mgumu. Mifano mingi ya kompyuta inayotabiri tabianchi huchora dunia kwa vipande vikubwa, milima ikapunguzwa urefu, na mkondo ukatoka dhaifu kuliko ulivyo. Ndiyo maana mwaka 2021 watafiti wa Kenya na Uingereza walikwenda Marsabit, kaskazini mwa Kenya, wakati wa masika, wakarusha maputo yenye vipimo usiku na mchana.

Kazi hiyo ya msimu mmoja ilikuwa na thamani kubwa, lakini haitoshi. Kati ya 2020 na 2022 misimu mitano ya mvua ilifeli mfululizo katika Pembe ya Afrika. Wafugaji wa kaskazini wanahitaji utabiri wa kutegemewa, na serikali za ukanda huu ziwekeze katika vituo vya kudumu vya kupima hewa ya juu.