Ukifika penye waenda kwa miguu, shuka usukume!

UKITEREMKA kwenye matatu pale Isebania, mpakani kabisa mwa Kenya na Tanzania, hujaweka mguu wa pili chini ila umeshapigiwa kelele na vijana watatu wa bodaboda. "Sirari, mama? Twende Sirari?" Ndiyo kazi ya mji wa mpakani. Na jina lenyewe lilizaliwa mpakani, kule Busia katika miaka ya 1960, ambako vijana wa baiskeli walibeba watu kutoka boda hadi boda.

Baiskeli ilifuatwa na pikipiki, na sasa pikipiki imepata mdogo wake, ya umeme. Nairobi tayari wapo waendeshaji wanaobadilisha betri vituoni badala ya kununua petroli. Kwa hivyo, mzazi, usishangae mwanao akija likizo na ombi la baiskeli ya umeme. Kabla hujatia mkono mfukoni, kaa naye mzungumze.

Haina mlio

Pikipiki ya petroli hujitangaza. Nyanya aliyejitwika ndoo huisikia kwa mbali akasogea. Ya umeme huja kimya kama paka. Mtoto anayecheza, kipofu anayetegemea masikio, mama aliyeinamia nyanya zake sokoni, wote hawana habari mpaka usukani uwaguse. Tena kwenye kijia cha wapita njia hatari huzidi, maana hapo mtu hutembea akijua yuko salama.

Sheria nayo haina mzaha. Kifungu cha 45A cha Sheria ya Trafiki, kilichoongezwa mwaka wa 2012, kinakataza kuendesha gari au pikipiki kwenye kijia cha waendao kwa miguu. Ukipatikana na hatia mahakamani, ni faini isiyozidi Sh30,000, au kifungo kisichozidi miezi mitatu, au vyote viwili. Kanuni za makosa madogo za mwaka wa 2016 ziliweka faini ya Sh5,000 kwa kosa hilo.

"Lakini yangu haitumii petroli!" utajitetea. Sheria haiulizi petroli. Inataja chombo kinachoendeshwa kwa mitambo, na mota ni mtambo. Ulaya, baiskeli ya pedali yenye mota isiyozidi wati 250, ambayo huacha kusukuma ikifika kilomita 25 kwa saa, huhesabiwa kuwa baiskeli tu. Lakini usiazime sheria ya wenyewe ukaja kujitetea nayo Isebania. Iheshimu kama pikipiki: vaa helmeti na jaketi linalong'aa, na ubebe abiria mmoja tu.

Lori likikusukuma

Najua kinachowapeleka wengi kijiani. Ni hofu. Lori la mpakani linanguruma nyuma, na lami haitoshi. Hofu hiyo ni ya haki, lakini usiikabidhi kwa mwenzako anayetembea. Punguza mwendo, toka barabarani, simama, zima mota, shuka usukume. Ukisukuma, wewe nawe ni mpita njia. Na mahali pasipo na kijia, kumbuka ule ukingo wa barabara ndio kijia cha wanafunzi na wachuuzi. Piga kengele mapema, uwashe taa hata mchana.

Nyumbani, chaji betri kwa chaja yake yenyewe, ukiwa macho, mbali na mlango wa kutokea. Iliyovimba au iliyoanguka vibaya usiichaji kamwe, maana betri hizi zikishika moto hazizimiki kwa urahisi.

Kisha, mzazi, kabla ya kumpa mwanao ufunguo, mpeleke kando ya barabara siku ya soko. Mwambie asimame mahali salama, afumbe macho, ahesabu vyombo vinavyopita kwa kuvisikia. Baiskeli ikipita asiisikie, mwambie afumbue macho aione. Hapo ataelewa kwa nini nyanya hakusogea.