Namba Moja, Simu Nyingi: Ni Nani Anayeamua Simu Iende Wapi?

Hebu tuchukue mfano wa mwalimu wa sekondari mwenye simu ya mkononi iliyo na laini mbili. Laini ya kwanza ndiyo wanayoijua jamaa zake. Ya pili aliinunua alipohamishwa, kwa sababu mtandao wa kwanza haukufika vyema katika kituo chake kipya. Ofisini kuna simu ya mezani ambayo wazazi wengi wamepewa namba yake, na tena mwalimu anayo anwani ya barua pepe. Mtu anayemtafuta hana budi kukisia atampata wapi saa hiyo. Akikosea, simu inalia katika chumba kisicho na mtu, au ujumbe unakaa siku tatu bila kusomwa.

Ziko huduma zilizobuniwa ili kuondoa kukisia huko. Mteja hupewa namba moja tu. Mtu akiipiga, simu zote za mteja hulia kwa pamoja, au hulia ile tu ambayo mteja ameichagua kwa saa hiyo na kwa mpigaji huyo. Asipopokea, sauti ya mpigaji huhifadhiwa, huandikwa kwa maneno, na kuwekwa mahali pamoja na jumbe zake nyingine. Twaweza kuiita huduma ya mawasiliano ya pamoja. Katika makala hii tutaeleza jinsi inavyofanya kazi, na hasa tutalijibu swali ambalo wateja wachache hujiuliza: simu inapopigwa, ni nani anayeamua iende wapi?

Swali hilo lilikuwako kabla ya kompyuta. Hapo zamani simu zote ziliunganishwa kwa mikono. Mpigaji alimtajia opareta mtu anayemtaka, naye opareta alichomeka waya ubaoni. Huko Kansas City, Marekani, alikuwapo mtu aliyeitwa Almon Strowger, ambaye kazi yake ilikuwa kuandaa mazishi. Husimuliwa kwamba aliwashuku maopareta kuwa wakiwapeleka wafiwa waliomtaka yeye kwa mshindani wake. Kisa hicho huenda kimetiwa chumvi. Lililo hakika ni kwamba mwaka 1891 Strowger alipata hati ya uvumbuzi wa mtambo wa kuunganisha simu pasipo opareta, na kituo cha kwanza cha namna hiyo kilifunguliwa katika mji wa La Porte, jimbo la Indiana, mwaka 1892.

Mtambo huo unafaa kuchunguzwa na wanafunzi, kwa sababu unaonyesha namba ya simu ilikuwa nini hapo mwanzo. Fikiri mkono wa chuma uliofungwa kwenye mhimili, mbele ya ncha 100 za waya zilizopangwa katika safu 10, kila safu ikiwa na ncha 10. Mpigaji akituma tarakimu 4, mapigo 4 ya umeme huupandisha mkono hadi safu ya 4. Akituma 7, mapigo 7 huuzungusha hadi ncha ya 7. Hapo mkono umegusa waya unaokwenda katika nyumba fulani. Kwa hiyo namba 47 haikuwa jina la mtu wala la jamaa. Ilikuwa maelekezo ya njia, kama vile mtu anavyomwambia mgeni apande hadi mtaa wa nne, kisha akate kona na kuhesabu nyumba saba. Mwenye simu alipohama, namba aliiacha ukutani pamoja na waya.

Mambo yalibadilika kompyuta zilipoingizwa katika vituo vya simu. Kompyuta hailazimiki kuifuata namba kama njia. Huisoma kama jina, kisha hulitafuta jina hilo katika daftari na kuona mbele yake pameandikwa nini. Simu za mkononi zisingewezekana bila mbinu hii, maana mwenye simu hiyo hana ncha ya waya ya kudumu. Tena, ndani ya kadi ya laini mna namba nyingine, yenye tarakimu hadi 15, ambayo mteja kwa kawaida haioni kamwe, nayo ndiyo mtandao unayoitumia kumtambua. Kwa laini za Tanzania namba hiyo huanza na 640, kwa za Kenya 639, na kwa za Uganda 641, tarakimu ambazo hazihusiani kabisa na 255, 254 na 256 tulizozizoea. Namba ya simu na namba hii ya ndani huunganishwa katika daftari kuu la mtandao. Ndiyo sababu mtu akipoteza kadi yake hupewa mpya yenye namba ileile ya simu: kilichobadilishwa ni mstari mmoja wa daftari. Kwa sababu hiyohiyo iliwezekana, nchini Kenya tangu 2011 na Tanzania tangu 2017, mteja kuhama kampuni bila kuiacha namba yake.

Kutoka hapo hadi huduma ya mawasiliano ya pamoja ni hatua fupi. Ikiwa namba ni jina katika daftari, hakuna kinachozuia mbele ya jina moja paandikwe simu tatu badala ya moja, wala kinachozuia mteja mwenyewe kupewa kalamu.

Mfano unaojulikana zaidi ulianzia Marekani. Mwaka 2005 Craig Walker na Vincent Paquet waliasisi kampuni ya GrandCentral, ambayo ilinunuliwa na Google mwaka 2007. Mwezi Machi 2009 huduma yake ilitolewa upya kwa jina la Google Voice, na mwaka uliofuata ikafunguliwa kwa kila mtu nchini humo. Namba ambazo huduma hiyo huwapa watu binafsi ni za Marekani tu, lakini mbinu zake zafaa kufundishwa popote.

Tuseme mteja ameandikisha simu ya nyumbani, ya kazini na ya mkononi. Mpigaji anapoipiga ile namba moja, kompyuta ya huduma haimwunganishi na mtu yeyote bado. Yenyewe hupiga simu tatu mpya, moja kwa kila chombo, na kungoja. Itakayopokelewa kwanza ndiyo imeshinda, na zile nyingine mbili hukatwa. Kanuni hii ni nyepesi, ila ina kosa ambalo mwanafunzi makini angeweza kuligundua kabla ya kusoma zaidi. Tuchukulie kwamba simu ya mkononi imezimwa. Mtandao wake, kwa kuwa hauipati, huipeleka simu moja kwa moja kwenye mashine ya kupokea ujumbe, nayo mashine hupokea papo hapo, pengine kabla simu ya mezani haijalia mara ya pili. Kwa kompyuta, kupokea ni kupokea. Mashine imeshinda mbio, simu nyingine zimekatwa, na mteja aliyeketi kando ya simu ya mezani anastaajabu kuiona imenyamaza.

Dawa iliyotumiwa ilikuwa kumtaka anayepokea abonyeze tarakimu 1 ili kukubali. Mashine haina kidole. Wako wateja walioona kubonyeza huko ni udhia usio na maana, kumbe ndiko kulikoizuia mashine isiwapokonye simu zao. Kabla ya kubonyeza, mteja aliweza pia kutajiwa ni nani anayempigia, akachagua kuzungumza naye au kumwacha aongee na mashine huku yeye akisikiliza kimya.

Kusikiliza, kuhifadhi na kunakili huko kunawezekana kwa sababu sauti imegeuzwa kuwa tarakimu. Katika utaratibu wa kawaida wa simu, sauti hupimwa mara 8,000 kwa sekunde na kila kipimo huandikwa kwa biti 8, yaani biti 64,000 kwa sekunde. Inaposafirishwa kwa intaneti hukatwa katika vifurushi, mara nyingi 50 kwa sekunde, kila kimoja kikibeba baiti 160 za sauti na baiti 40 za anwani na maelezo. Wanafunzi na wapige hesabu wenyewe: ujumbe wa nusu dakika una baiti 240,000 za sauti, na mzigo wote unaosafiri ni baiti 300,000. Sauti ikishakuwa tarakimu, yaweza kutumwa kama barua pepe, au kupewa programu inayokisia maneno na kuyaandika. Tumesema kukisia kwa makusudi. Simu ya kawaida hukata sauti zilizo juu ya hezi 3,400 hivi, ambamo mna sehemu kubwa ya tofauti kati ya s na f, na kwa hiyo programu hulazimika kuitafuta maana kutokana na maneno ya jirani. Majina ya watu na ya mahali ndiyo yanayoharibika kwanza, na mara nyingi ndiyo yaliyokuwa kiini cha ujumbe.

Zilizobaki ni kanuni za mteja mwenyewe. Mtu aweza kuagiza hivi: mama akipiga, simu zote zilie, baada ya saa nne usiku, kila simu iende kwenye mashine, msumbufu fulani asikie sauti isemayo kwamba namba hiyo haitumiki. Kompyuta huzisoma kanuni kama hizi kwa mpangilio, na mpangilio huo una uzito. Kanuni ya usiku ikisomwa kwanza, mama anayepiga saa saba usiku kwa habari ya ugonjwa ataishia kuzungumza na mashine. Ikisomwa kwanza ile ya mama, atapokelewa, lakini endapo anatumia simu yake mwenyewe. Akiazima ya jirani, kanuni haimjui. Kompyuta huitambua namba tu, wala haimtambui mtu, na upungufu huo haujaondolewa na huduma yoyote ya aina hii.

Je, kwa kuwa mteja ameshika kalamu, ndiye mwenye kuamua? Kwa sehemu tu. Daftari lenyewe limo katika kompyuta za mwenye huduma, naye anazo kanuni zake juu ya zetu. Mwezi Septemba 2009 kampuni ya AT&T iliiandikia Tume ya Mawasiliano ya Marekani ikilalamika kwamba Google Voice ilikataa kuunganisha simu zilizopigwa kwa baadhi ya namba za vijijini, ambako ada ya kupokelewa kwa simu ilikuwa kubwa sana. Kampuni za kawaida za simu zilikatazwa kuzuia simu kama hizo. Google ilijibu kwamba yenyewe si kampuni ya simu ya kawaida, na kwamba namba ilizozizuia hazikufika 100. Kila upande ulikuwa na hoja zake. Linalotuhusu sisi ni kwamba kati ya mpigaji na mpigiwa palikuwa na mwamuzi wa tatu, pale pale alipokaa opareta wa siku za Strowger.

Iko na gharama nyingine, isiyotokana na nia ya mtu. Waya wa Strowger ulijua nyumba ilipo. Namba iliyo jina tu haijui. Akaunti za watu binafsi za Google Voice haziwezi kutumiwa kupiga 911, ambayo ni namba ya dharura ya Marekani, kwa kuwa gari la wagonjwa lazima lielekezwe mahali. Anayeishi kwa namba ya namna hii hana budi kuwa na simu nyingine ya kawaida kwa ajili ya siku ya moto au ajali.

Wasomaji wetu wanaweza kuzijaribu kanuni hizi bila huduma yoyote mpya, maana mitandao ya simu za mkononi inalo daftari dogo la maelekezo kwa kila laini. Ukibonyeza **61*, ukaandika namba nyingine, kisha # na kupiga, simu zako zisizopokelewa zitakwenda kwenye namba hiyo. Kwa **67* zitakwenda zile zinazokukuta ukizungumza, na kwa **62* zile zinazopigwa simu ikiwa imezimwa au haipatikani. Mwalimu wetu wa laini mbili angeweza kumaliza nusu ya taabu yake kwa njia hii, ila akumbuke kwamba kipande cha safari kutoka laini ya kwanza hadi ya pili kwa kawaida hulipiwa na yeye mwenyewe, na kwamba jumbe za maandishi hazifuati maelekezo haya. Zinabaki kwenye laini zilikotumwa.

Maelekezo ya nne ni **21*, nayo yanataka hadhari. Hayo huondoa simu zote, moja kwa moja, hata simu ya mwenyewe isilie. Matapeli wanalijua jambo hili. Mtu hupiga akijifanya mfanyakazi wa kampuni ya simu, akamwomba mwenye laini abonyeze **21* na namba fulani ili "kurekebisha mtandao". Tangu dakika hiyo kila anayempigia mwenye laini humpata tapeli. Zile namba za siri ambazo husomwa kwa sauti ili kuthibitisha akaunti humfikia tapeli pia. Na katika nchi zetu, ambako namba ya simu mara nyingi ndiyo pia akaunti ya fedha, hasara yaweza kuwa kubwa.

Kwa ajili ya somo, kila mwanafunzi aombe ruhusa ya mwenye simu nyumbani, kisha abonyeze *#21# na kupiga. Mtandao utajibu kwa maandishi kama simu zinaelekezwa kwingine au la. Jibu likitaja namba ambayo hakuna mtu wa nyumba hiyo anayeijua, ##002# hufuta maelekezo yote kwa mara moja, na kampuni ya simu iarifiwe siku hiyohiyo.