Kopo la dukani au maziwa ya kilimani: hesabu ya mama wa Mushaki

Mama anayefanya kazi Mushaki, huku Masisi, awe mwalimu, muuguzi au mchuuzi wa viazi anayeshuka Sake, akiwa na mtoto wa mwaka mmoja na nusu, kila jioni hukutana na maswali yale yale: maziwa gani, uji gani, pampers au kitambaa, na kesho nani atabaki na mtoto. Bei ya dukani hutajwa kwa neno moja na kuonekana imemaliza mambo. Lakini ndani yake hamna makala ya kupikia, hamna nauli, na hamna saa za mama. Kwa anayeishi kwa faida ya siku, saa ndizo ghali kuliko vyote.

Sitataja bei za leo kwa franga. Barabara ikifungwa bei inaruka, na vitu vya kopo hufuata dola kokote iendako. Nitatoa vipimo. Bei ya siku yako utaiweka mwenyewe.

Tuanze na maziwa, maana Masisi ni nchi ya ng'ombe. Hata hivyo kopo la maziwa ya unga ya Nido liko kwenye rafu, limevuka bahari, huku nje kijana akipita na vidumu vya maziwa ya asubuhi. Wengi wananunua kopo kwa sababu linakaa muda mrefu na, tuseme ukweli, kwa sababu lina heshima mbele ya wageni. Hesabu yake ni hii: lita 1 ya maziwa inahitaji karibu gramu 130 za unga. Kopo la gramu 400 basi linatoa lita 3 tu. Muulize mchuuzi wako lita 3 ni bei gani, kisha linganisha. Huku kilimani, penye malisho, kopo hushinda kwa nadra sana. Kifuko kidogo cha gramu 26 ndicho chenye hila zaidi, kwa kuwa bei yake inaonekana ndogo: zidisha bei hiyo mara 15, ndipo utakuwa umefika karibu na kopo moja.

Mtoto wa umri huo anatosheka na glasi mbili kwa siku, tuseme nusu lita. Kwa mwezi ni lita 15, yaani makopo 5. Kumzidishia hakumsaidii: maziwa mengi yanamjaza tumbo, anakataa chakula, na damu yake inapungukiwa chuma. Na kama bado ananyonya, usimwachishe kwa sababu umerudi kazini. Shirika la Afya Duniani linashauri kunyonyesha hadi miaka 2 na zaidi, na Kanuni ya Kazi ya Kongo ya mwaka 2002 inampa mama anayenyonyesha mapumziko mawili ya nusu saa kila siku, yenye malipo kama kazi. Wengi hawayadai. Kuhusu yale maziwa ya kopo yanayouzwa kama ya kukuza watoto wa mwaka 1 hadi 3, mwongozo wa shirika hilo wa mwaka 2023 haushauri kuwapa watoto wa miezi 12 hadi 23. Pesa hiyo inunue mayai.

Maziwa ya kidumu yana gharama zake. Lazima yachemke hadi yapande, kwa sababu maziwa mabichi yanaweza kubeba ugonjwa wa kutupa mimba wa ng'ombe, ambao kwa mtu unaleta homa zisizoisha, na hata kifua kikuu. Usiwashe moto kwa ajili yake peke yake. Yabandike juu ya makaa yanayobaki baada ya kupika. Na maji? Kila mtu anajua yanaongezwa njiani. Dawa niliyoiona ikifanya kazi ni kuwa na mchuuzi mmoja wa kudumu, anayejua kwamba ukikasirika atapoteza lita 15 za kila mwezi. Huyo hata matabishi, nyongeza ya bure, atakupa. Yakikuzidi, tia kijiko cha mgando wa jana ndani ya yaliyochemshwa yakiwa vuguvugu, nawe utakuwa na chakula cha kesho.

Fromage ya Masisi nayo ina hesabu yake. Kilo 1 inakula karibu lita 10 za maziwa. Ukiona kilo inauzwa chini ya bei ya lita 10, jiulize mtengenezaji anaishi kwa nini. Kwa mtoto, kipande cha gramu 30 kinakaribia glasi ya maziwa kwa chokaa ya mifupa, lakini mara nyingi hutengenezwa kwa maziwa mabichi: iyeyushe ndani ya viazi vinavyochemka, usimpe mkononi.

Kopo linashinda wapi, basi? Linashinda siku ya kukimbia. Waasi wa M23 waliingia Mushaki Februari 2023, mapigano yakarudi Desemba mwaka ule ule, na Januari 2025 Goma yenyewe ikaanguka. Anayejua barabara ya Sake usiku, mtoto mgongoni na godoro kichwani, haniulizi kwa nini naweka kopo moja lisilofunguliwa karibu na mlango. Hilo silihesabu kama maziwa.

Kwenye uji, tofauti ni kubwa zaidi. Cerelac ya dukani ya gramu 400, kwa gramu 50 kila bakuli, ni bakuli 8. Mtoto anayekula mara mbili kwa siku anaimaliza kwa siku 4. Kilo moja ya unga wa masoso, yaani mahindi, soya na mtama, kwa gramu 60 kila bakuli, inatoa bakuli 16, yaani siku 8. Weka bei ya kilo ya nafaka, ongeza ya mashine ya kusaga, ongeza makala ya kukaangia soya, bado utakuwa mbali chini ya kopo. Mimi nachukua vipimo 2 vya mahindi, 1 cha mtama na 1 cha soya. Soya isiyokaangwa inasumbua tumbo la mtoto na kumzuia kutumia chakula vizuri, basi ikaange hadi inukie. Usisage ya miezi miwili kwa pupa: mafuta ya soya yanaoza na unga unachacha. Wiki mbili au tatu zinatosha.

Hapo tuseme haki ya Cerelac: imeongezwa chuma na vitamini, masoso haina. Pengo hilo linazibwa na sambaza. Samaki hao wadogo waliletwa Ziwa Kivu kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo wanapanda hadi huku wakiwa wamekauka, wakiuzwa kwa kikombe. Wakaange kidogo bila mafuta, watwange kinuni na mifupa yao hadi wawe unga wa kahawia usiokwaruza ulimi, kisha kijiko kimoja ndani ya bakuli. Ongeza kijiko cha mawese ya Walikale. Mtoto wa jirani yangu alikataa harufu siku mbili za kwanza, akazoea. Uji wenyewe uwe mzito, ubaki juu ya kijiko ukikiinamisha. Uji wa maji ni rahisi kumeza na rahisi kupika, ndiyo sababu wasichana wa kazi wanaupenda, lakini mtoto anashiba maji.

Saa sasa. Kuchambua, kukaanga, kwenda mashineni na kungoja zamu kunakula nusu siku. Kama wewe ni mchuuzi, hiyo ni nusu ya faida ya soko, iandike. Akina mama watatu wakisaga pamoja, kila mmoja anapoteza nusu siku mara moja tu katika zamu tatu. Bila kushirikiana, kwa mama mwenye siku nzuri ya soko, masoso inaweza kuikaribia Cerelac kuliko anavyodhani. Bado ningesaga.

Makala inaingia katika kila bakuli. Milima hii inapita mita 2000, na kwenye urefu huo maji huchemka karibu nyuzi 93, si 100, ndiyo maana maharage ya huku hayaivi kwa upesi wa maharage ya ufukweni. Loweka usiku kucha, pika ya siku mbili kwa moto mmoja. Jiko bora linagharimu mara kadhaa ya mbabula ya bati lakini linakula makala kidogo. Kwa mama anayenunua makala kwa kopo au mfuko mdogo kila siku, bei ile inarudi mapema. Kwa anayekata kuni za mkaratusi shambani kwake, hairudi haraka, asijikaze. Jambo moja tu silipimi kwa franga: mbabula ya chini, sakafuni, iko usawa wa mkono wa mtoto anayejifunza kutembea. Anaanguka akiwa ameishika. Iweke juu ya meza ya udongo, hata kama mama mkwe atasema nyumba imegeuka hospitali.

Swali zito ni la nani anabaki na mtoto. Shule ya maternelle inapokea kuanzia miaka 3, na elimu ya bure iliyoanza Septemba 2019 ni ya msingi tu, haigusi maternelle. Kwa mtoto wa mwaka mmoja na nusu zinabaki njia nne.

Kumbeba mgongoni ni bure kwa maneno. Mwenye kuuza mboga amekaa chini anaweza. Anayepanda pikipiki na magunia ya viazi kwenda Sake hawezi, na anayejaribu namwogopea. Mwalimu mwenye darasa lililojaa hawezi pia, isipokuwa mkuu wa shule awe mtu wa huruma.

Dada yake mkubwa ndiye anayechaguliwa mara nyingi zaidi, naye ndiye ghali kuliko wote. Msichana wa miaka 9 akibaki nyumbani siku za soko anakosa darasa kila wiki, na mwaka ukiisha amerudia. Gharama hiyo haidaiwi leo. Inadaiwa baada ya miaka kumi, na anayeilipa ni yeye.

Mama mkwe au mama mzazi hapewi mshahara, lakini asifikiriwe ni bure. Anataka sabuni, chumvi, kitenge cha mwisho wa mwaka na, zaidi ya vyote, anataka aulizwe. Akiwa na nguvu za kumkimbilia mtoto, hakuna chaguo lililo bora. Akiwa na magoti mabaya, mtoto wa umri huu atamshinda kabla ya saa nne asubuhi.

Msichana wa kazi ana mshahara, chakula na mahali pa kulala. Sheria ya kulinda watoto ya mwaka 2009 inakataza kumwajiri aliye chini ya miaka 16, na wengi wanaoletwa kutoka vijijini hawajafika. Hesabu yake ifanywe hivi: chukua faida ya siku moja ya soko, zidisha kwa siku unazoweza kutoka kwa sababu yeye yupo, kisha toa mshahara na chakula chake. Tuseme faida ni franga 15,000 na anakupa siku 8 zaidi kwa mwezi, ni 120,000. Kama mshahara na chakula vinafika 100,000, kinachobaki ni 20,000, na kwa hizo umekubali mtu mwingine amlee mwanao mwezi mzima. Wengine watasema inafaa. Kwa mwenye mshahara wa kila mwezi unaokatika akikosa kazini, inafaa kweli. Kwa mchuuzi wa siku mbili kwa wiki, ningemtafuta jirani wa kubadilishana naye: Jumanne wewe, Ijumaa mimi.

Pampers nitazipitia upesi. Mtoto anatumia 5 kwa siku, 150 kwa mwezi. Kitambaa kilichokatwa kwenye kitenge cha zamani ni bure, lakini Mushaki kuna mvua na ukungu, na nguo hukauka kwa siku mbili. Ukitaka kubadilisha mara 5 lazima uwe na vitambaa 15, pamoja na sabuni na vidumu vya maji vya kila siku. Msimu wa kiangazi, Juni hadi Agosti, vitambaa vinashinda waziwazi. Wakati wa mvua kubwa, pampers ya usiku peke yake, 30 kwa mwezi badala ya 150, inampa mama usingizi, na mama aliyelala anauza vizuri. Anzisha poti mapema mtoto akionyesha dalili.

Watu wengi husema Goma kila kitu ni rahisi. Ni kweli kwa bei ya kopo, ila kopo haliji lenyewe. Tuseme nauli ya kwenda na kurudi ni 20,000 na kila kopo limepungua 2,000: utahitaji kununua makopo 10 ili kurudisha nauli tu, bila siku uliyopoteza. Wanaofaidika ni wale wanaomtuma mmoja wao. Benki za Goma zilipofunga Januari 2025, pesa ya simu ilichukua nafasi yao, na kila kutoa kuna makato ya wakala. Dola iliyochanika kidogo inakataliwa. Basi anayetumwa alipe moja kwa moja kwa simu pale duka linapokubali, ili makato yasikatwe mara mbili. Kikundi cha likelemba, cha kuchangiana kwa zamu, kinafaa kwa kununua kwa pamoja kuliko kwa kununua sufuria: zamu yako ikifika wakati wa mavuno ya soya, nunua gunia, ligawane na wenzako, liweke kavu juu ya mbao, usage kidogo kidogo.