Majibu ya Kipimo cha Tezi Dume Husomwa kwa Umri

Wachukue wanaume wawili wanaotoka maabara wakiwa na jibu moja: PSA 3.8. Mmoja ana miaka 45, mwingine 72. Wa kwanza anapaswa kuonana na daktari bingwa wa mfumo wa mkojo. Wa pili, kama hana dalili yoyote, yumo ndani ya kiwango cha kawaida cha rika lake.

PSA ni protini inayotengenezwa na tezi dume, kiungo kilicho chini ya kibofu cha mkojo. Kazi ya PSA ni kuyayeyusha manii yawe mepesi ili mbegu ziogelee. Kiasi kidogo sana huvuja na kuingia kwenye damu, nacho ndicho kinachopimwa, kwa nanogramu katika kila mililita.

Kuanzia umri wa miaka 40 hivi, tezi ya wanaume wengi hutanuka polepole bila saratani yoyote. Tezi ikikua, seli zinazotengeneza PSA huongezeka, na kinachovuja kwenye damu huongezeka pia.

Mwaka 1993, watafiti wakiongozwa na Joseph Oesterling walichapisha vipimo vya wanaume 471 wasio na saratani ya tezi dume, wakazi wa Olmsted, jimbo la Minnesota, Marekani. Wakati huo madaktari wengi walitumia mpaka mmoja wa 4.0 kwa kila mtu. Wao walipendekeza mpaka kwa kila rika: 2.5 kwa miaka 40 hadi 49, 3.5 kwa 50 hadi 59, 4.5 kwa 60 hadi 69, na 6.5 kwa 70 hadi 79. Mpaka mmoja ungeweza kumkosa mwanaume wa umri mdogo mwenye ugonjwa, na kumtia mzee hofu na kumfanya achomwe sindano za kutoa vinyama bila sababu.

Hata hivyo, wanaume hao 471 karibu wote walikuwa Wazungu. Wanaume weusi wako katika hatari kubwa zaidi ya saratani hii, na huwapata mapema zaidi. Kwa hiyo msomaji wangu asiifanye mipaka hiyo kinga. Saratani huweza kuwapo hata PSA ikiwa chini, na PSA huweza kupanda pasipo saratani: maambukizi ya njia ya mkojo, kumwaga manii au kuendesha baiskeli ndani ya siku mbili kabla ya kipimo huweza kuipandisha. Dawa ya finasteride, kinyume chake, huishusha hadi karibu nusu. Mweleze daktari yote hayo, pamoja na kama baba au kaka yako aliwahi kuugua.

Kisha omba karatasi ya majibu na uitunze. Ukipima tena, daktari ataona tezi yako inakwendaje mwaka hadi mwaka, na mwendo huo utamweleza mengi ambayo jibu la siku moja haliwezi kumweleza.