Kikundi Kisinunue Simu Bila Kuuliza "G" Ngapi



Vikundi vingi vinatoa pesa za wanachama kumnunulia mweka hazina simu. Muuzaji anasema, "Hii ni 4G, chukueni tu!" Pesa inatoka, na baadaye simu haifanyi kazi iliyotarajiwa. Basi tuelezane.

G ni nini?

Simu na mnara (ule wengi huuita busta) lazima zisikilizane kwa lugha moja. Lugha hiyo ndiyo "G", maana yake kizazi. Mafundi wa nchi mbalimbali hukaa pamoja kuandika kanuni zake. Umoja wao, 3GPP, ulianzishwa mwaka 1998. Kila miaka kumi hivi huja kizazi kipya.

Kizazi cha kwanza kilianza kuuzwa Kenya mwaka 1993. Simu moja iligharimu kama shilingi 250,000, kwa hiyo ilikuwa ya matajiri tu. 2G, iliyoenea kuanzia mwaka 2000, ndiyo iliyofikisha simu vijijini. Inabeba sauti na ujumbe mfupi. M-Pesa ilipoanza Machi 2007 ilitegemea hiyo 2G, na ndiyo sababu kabambe yako inatuma pesa mpaka leo.

Safaricom ilileta 3G mwaka 2008, na intaneti ikaanza kwenda vizuri. 4G ilifuata Desemba 2014, ikaongeza mwendo. 5G ilianza kujaribiwa Machi 2021.

Kabla ya kununua, fanyeni hivi:

1. Tajeni kazi ya simu. Ni kupiga, kupokea michango na kutuma pesa tu? Kabambe yatosha. Mnataka kutuma picha za mazao kwa wanunuzi au kufuata mafunzo ya video? Hapo tafuteni 4G.

2. Pimeni mnara. Simu ya 4G ikikosa mnara wa 4G hushuka yenyewe hadi 3G au 2G. Azimeni simu ya jirani yenye 4G, simameni pale mnapokutania, mtazame juu ya kioo. Herufi E ni 2G, H ni 3G.

3. Angalieni mpaka. Sisi wa Taveta tuko karibu na Holili, na simu yaweza kushika mnara wa Tanzania. Ukishika wa huko, gharama zaweza kupanda. Ingia kwenye mipangilio ya simu, uchague mtandao wako mwenyewe. Usiiachie simu ichague.

4. Fikirieni kesho. Huko Marekani, kampuni ya AT&T ilizima 2G mwanzoni mwa 2017, na simu za 2G pekee zikanyamaza kwenye mtandao wake. Zipo kabambe zenye 2G na 4G pamoja. Bei ikiwa inakaribiana, chukueni hiyo.

Jadilianeni mkutanoni, mwandike uamuzi kitabuni, ndipo mweka hazina aende dukani. Pesa ya kikundi ni jasho la wengi.