Neno "Taifa" na Watu wa Bagara

Katika Biblia ya Kiswahili neno "mataifa" mara nyingi lataja watu walio nje ya Israeli, yaani wale wengine. TANU, iliyoundwa mwaka 1954, ilitumia neno lilo hilo kwa maana ya "sisi". Hapa Bagara, mjini Babati, badiliko hilo si dogo. Wagorowa na Wairaqw husema lugha za Kikushi, Wambugwe na Warangi za Kibantu, Wabarbaig ya Kiniloti. Mipaka iliyowaweka pamoja ilichorwa na wakoloni. Jina lenyewe, Tanganyika, lilitolewa na Waingereza mwaka 1920. Mwaka 1963 sheria ilifuta utawala wa machifu. Kiswahili kikawa kiungo, hata ibadani. Lakini tukiri: bibi aombaye kwa Kigorowa, mara nyingi mjukuu wake hamwelewi.