Mla kindi anayewafaa kindi

Kindi mwekundu wa Ulaya hayumo hatarini kutoweka duniani. Anapatikana kuanzia Ireland hadi Hokkaido, kaskazini mwa Japani. Uingereza ndiko anakokwisha. Makadirio ya mwaka 2018 yalihesabu kindi wekundu wapatao 287,000, wengi wao Scotland, mbele ya kindi wa kijivu milioni 2.7.

Huyu wa kijivu ni mgeni. Mwaka 1876 tajiri mmoja aliachia jozi moja kutoka Marekani katika bustani yake ya Henbury, Cheshire. Alitaka pambo tu, na matajiri wengine wakaiga. Sisi wa pwani hatuna haki ya kuwacheka: kunguru wa Bara Hindi aliletwa Unguja miaka ya 1890 ale takataka, na leo nani anammudu?

Watu hudhani wa kijivu huwapiga wekundu na kuwafukuza. Sivyo. Kwanza huwamalizia chakula: ana karibu mara mbili ya uzito wao, na tumbo lake hustahimili mbegu za mwaloni ambazo hazijaiva, ambazo mwekundu hazimkai vizuri. Mwenyeji anapozisubiri ziive, mgeni ameshakula. Pili, hubeba virusi vya ndui ya kindi bila kuugua, ilhali mwekundu akiambukizwa hutoka vidonda usoni na miguuni na kwa kawaida hafikishi wiki tatu.

Serikali ilijaribu bunduki. Miaka ya 1950 ililipa shilingi kwa kila mkia wa kindi wa kijivu, mikia ikaletwa kwa wingi, na kindi wakazidi kuenea. Ukiwaua hapa, wa msitu wa jirani huhamia. Ndiyo maana ushindi ulio wazi umepatikana kisiwani: Anglesey, Wales, walianza kuwatega mwaka 1998, na kufikia 2015 wa kijivu walikuwa wamekwisha. Bahari iliwasaidia wategaji kuliko mitego yenyewe. Italia ilikuwa na nafasi bora zaidi, maana wa kijivu walikuwa bado eneo dogo la Piedmont, lakini jaribio la 1997 lilizuiwa na kesi ya watetezi wa wanyama. Huruma kwa kindi mmoja mmoja ililigharimu kundi zima la wekundu. Kwa maoni yangu, mahakama ilipewa swali lisilo lake.

Msaada ulitoka kusikotarajiwa. Marteni ni mnyama wa jamii ya kicheche, mwenye ukubwa wa paka, hodari wa kupanda miti, na kindi ni kitoweo chake. Walinzi wa mashamba ya uwindaji walimuua hadi akabaki pembezoni. Alipolindwa na sheria akarudi katikati ya Ireland, na kule aliposhamiri wa kijivu walipungua ghafla, wekundu wakarejea. Utafiti uliotolewa mwaka 2014 ulithibitisha hilo, na mwingine wa Scotland, mwaka 2018, ukafikia jibu lile lile.

Kwa nini adui mmoja amfae mmoja na amuangamize mwingine? Mwekundu ameishi naye maelfu ya miaka. Watafiti walipopaka harufu ya marteni kwenye vilishio, wekundu walipunguza kufika na wakawa macho zaidi. Wa kijivu waliendelea kula kama kawaida. Isitoshe, wa kijivu ni mzito na hushinda sana chini, anakokamatika.

Hata hivyo, marteni haendi mijini, na wa kijivu wa bustani za miji hawamjui. Na katika mashamba ya misonobari ya kigeni, yaliyopandwa mti wa aina moja kwa ajili ya mbao, hana vyakula vingi vya kuchagua, basi huwarudia wekundu wenyewe. Kwa hiyo kumrudisha mwindaji katika msitu wa namna hiyo kunaweza kuwadhuru wale wale anaotazamiwa kuwaokoa. Inategemea ni miti gani imepandwa humo.